Neno Nililomficha Baba

Barua ililetwa na tarishi wa kinu Alhamisi mchana, kwa baiskeli, naye hakutaka hata maji ya kunywa. Alimpa baba kitabu asaini, akasubiri sahihi, akageuza baiskeli. Tarishi yule alikuwa akifika kwetu Pasiansi miaka nenda miaka rudi, na siku zote alikaa mpaka birika la chai liishe. Baba alimtazama akishuka njia ya mawe mpaka akapotea, kisha akanipa bahasha.

“Nisomee, mwanangu. Naona wameandika Kizungu.”

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja mjini, na nilijivuna kwa hilo kuliko inavyompasa mtu mwenye akili. Baba alikuwa fundi wa roli, zile silinda za mashine zinazotenga pamba na mbegu, katika kinu cha kuchambua pamba, pale pale ufukweni mwa ziwa. Kiswahili alikisoma bila shida. Kiingereza alijua majina ya spana na vipuri tu, kwa hiyo kila karatasi ya Kiingereza iliyoingia nyumbani ilipita mikononi mwangu. Nilikuwa namsomea huku nimesimama, kama niko darasani, naye alipenda hivyo.

Siku ile niliisoma kimya kwanza, halafu nikairudia. Ilikuwa na aya tatu. Ya kwanza ilisema kwamba kinu kimeuzwa kwa mtu binafsi na kwamba baba, kuanzia mwisho wa mwezi, ni “redundant”, yaani wa ziada, hahitajiki tena. Ya pili ilimshukuru kwa utumishi wake. Ya tatu ilisema mafundi wanaotaka kufikiriwa na mwenye kinu mpya wafike getini Jumatano ijayo, saa tatu asubuhi, wakiwa na barua hiyo na vifaa vyao vya kazi. Wangejaribiwa kwenye mashine. Nafasi ya fundi wa roli ilikuwa moja, na asiyefika angehesabiwa kuwa hataki.

Baba alikuwa anangoja, mikono magotini. 

“Wanasema kazi imesimama kwa muda,” nikasema. “Mpumzike mpaka mtakapoitwa.”

“Ndiyo hayo tu?”

“Na wanakushukuru.”

Akacheka kidogo. “Si ndivyo tunavyofanya kila mwaka? Sasa Kizungu cha nini?”

Nikamjibu kwamba ofisi siku hizi zina mambo mapya. Uongo wangu ulimwingia kwa urahisi kwa sababu ulifanana na maisha yake. Kinu cha pamba hakifanyi kazi mwaka mzima. Huwaka pamba inapoingia, mwezi wa saba hivi, hunguruma mpaka mwaka unapogeuka, kisha hunyamaza, na wafanyakazi hutawanyika mashambani mpaka msimu mwingine. Ilikuwa Februari. Kinu kilikuwa kimya tayari, na kila mtu alikuwa kwao. Hapakuwa na mwenzake wa karibu wa kumwambia kwamba safari hii ukimya ule ulikuwa wa namna nyingine.

Msomaji anaweza kuniita mwongo, nami sitabisha. Lakini anisikilize kwanza. Sisi habari mbaya hatumpigi mtu nayo usoni. Mama alipofariki nilikuwa chuoni, mkoa mwingine, na telegramu iliyonifikia ilisema: mama mgonjwa sana, njoo. Wote waliokuwa wananiaga stendi walijua, na kila mmoja aliniambia nimsalimie mgonjwa. Nilipofika na kumwona shangazi amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba, ndipo nilipoambiwa, nimekalishwa, nimeshikwa mikono, watu wazima wamenizunguka. Sikumchukia mtu kwa hilo. Habari ya msiba ina mwenyewe wa kuitoa, ina saa yake, na aghalabu hutolewa mtu akiwa amekwisha kula. Mtoto wa kike, tena kitinda mimba, si mwenyewe.

Na kwangu mimi ule ulikuwa msiba. Baba alikuwa na miaka ishirini na kitu ndani ya kinu kile. Alikuwa akirudi na nyuzi za pamba kwenye nyusi, na tulipokuwa wadogo tulimwita mzee wa mvi ili atukimbize. Nani angemwambia mtu kama huyo, amekaa kwenye kigoda chake mwenyewe, kwamba hatakiwi tena? Nikaamua shangazi ndiye atakayemwambia. Shangazi ni dada yake mkubwa, alikaa Buswelu, na hata baba alipokuwa amekasirika na dunia nzima alimsikiliza yeye. Jioni ile ile nikamtuma mtu. Jibu likaja: shangazi yuko Magu, kwenye arobaini ya shemeji yake, atarudi Jumapili.

Nikahesabu. Jumapili mpaka Jumatano kuna siku za kutosha. Nikalala.

Kesho yake, saa ya mapumziko, niliingia ofisi ya walimu nikashusha kabatini ile kamusi kubwa, yenye kueleza kila neno limezaliwa wapi. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu siku zote hutafuta kitabu. Nilitaka kumjua huyu aliyeingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi.

Nilijua neno lenyewe, bila shaka. Nililiandika kwa wino mwekundu kila wiki kwenye insha za wanafunzi waliosema jambo moja mara mbili. Lakini sikujua lilikotoka. Kamusi ilisema limetoka Kilatini, na kwamba ndani yake kuna wimbi. Mwanzoni lilikuwa habari ya maji: maji yanayojaa mpaka yanamwagika, yanayopanda na kujirudia juu ya yenyewe. Ndugu zake wamo humo humo katika Kiingereza: neno la neema na wingi, neno la gharika, hata lile la kuzunguka kitu pande zote, ambalo zamani lilikuwa na maana ya maji kufurika. Baadaye watu wakaacha maji, wakabaki na ule wingi. Kikawa kitu cha ziada. Mafundi wa mitambo nao wakalichukua, wakaliita hivyo kila kifaa cha pili kinachowekwa ili cha kwanza kikifa kazi isisimame. Kwa hao ni sifa. Mwisho kabisa, karne hii hii, wakalishika wenye viwanda, wakaanza kumwita hivyo mtu.

Nilikaa na kidole juu ya mstari ule nikatazama nje. Shule yetu ilikuwa mwinuko kidogo, ziwa linaonekana. Nikawaza kwamba kama yule bwana wa barua angeandika tu, mzee, maji yamejaa, chombo hakitoshi, ningeweza kumsomea baba bila kumeza mate. Upuuzi, najua. Neno halimwonei mtu huruma kwa sababu babu yake alikuwa wimbi. Aliyeandika ile barua sina shaka alikuwa Msukuma mwenzetu, au Mhaya wa ofisini mwenye shahada, na alichagua Kiingereza kwa sababu ile ile iliyonifanya mimi nimfiche baba: aibu.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu akachungulia. “Unatafuta nini humo?”

“Neno la kupunguzwa kazi.”

“Hilo halitafutwi,” akasema. “Hilo linakuja lenyewe mpaka mlangoni.”

Wakati ule ulikuwa utani wa kila siku. Kila wiki tulisikia shirika fulani linauzwa, kiwanda fulani kinapunguza. Nikacheka naye, nikafunga kamusi, nikairudisha kabatini.

Jioni ile ile ya Ijumaa baba akasema wakati tunakula, “Kesho navuka.”

“Unavuka kwenda wapi?”

“Shambani. Kwa kuwa wamesema tupumzike, nikapalilie. Na ile mashine ya kusaga ya kule inanisubiri tangu Krismasi. Nitakaa wiki mbili hivi.”

Tulikuwa na shamba ng'ambo, upande wa Sengerema, na kila msimu wa kinu kunyamaza alikwenda huko na sanduku lake la vifaa. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa. 

“Msubiri shangazi kwanza. Anarudi Jumapili.”

“Shangazi yako ana nini?”

“Hana kitu. Ni kumsalimia tu.”

“Nitamsalimia nikirudi.” Akaninyooshea kidole chenye ugali. “Wewe una jambo. Kama kuna mchumba anakuja, aje wiki mbili zijazo. Hatakufa.”

Nikainama. Alifurahi, akadhani amenipata. Nililiwaza lile la kumsomea aya ya tatu peke yake, bila ya kwanza, lakini angeuliza mwenye kinu mpya ni nani, na kutoka hapo ningeangukia wapi? Asubuhi nikamsindikiza mpaka kivukoni, nikiwa nimebeba jembe, yeye sanduku. Sanduku lile lilikuwa la chuma, zito kama mtoto wa miaka mitano, na ndani yake kulikuwa na vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo yeye aliviita geji. Ndivyo alivyotumia kupima nafasi kati ya kisu na roli. Roli ya kinu huvikwa ngozi yenye mifereji, ngozi hiyo huivuta pamba, na kisu huizuia mbegu isipite. Kisu kikiwa mbali, mbegu inapita. Kikiwa karibu mno, ngozi inaungua. Hiyo nafasi, ambayo jicho halioni, ndiyo iliyokuwa mshahara wetu na ada yangu yote ya shule.

Mlango wa kivuko ulikuwa umeshushwa na watu walikuwa wanapanda. Nilisema, “Baba.” Akageuka. Nyuma yake mtu alikuwa anasukuma mbuzi, na wafanyakazi walikuwa wanapiga kelele watu wasogee. Nikasema, “Usisahau kunywa dawa ya kifua.” Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo, na ndivyo nilivyoitumia.

Jumapili shangazi hakurudi. Jumatatu nilitoka shule nikaenda Buswelu kwa mguu, nikakuta kufuli, na jirani akaniambia amesikia labda kesho. Usiku ule sikupata usingizi, na Jumanne alfajiri nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwambia nyumbani kuna ugonjwa. Akaniangalia kwa huruma, akaniambia pole sana, nenda mwanangu, na mimi nikaona haya kwa sababu nilijua ameelewa nini.

Nilivuka na kivuko cha asubuhi. Kutoka gatini nilitembea karibu saa mbili, viatu vya shule vikijaa mchanga, na njia nzima nilikuwa najisomea maneno yangu. Baba, ile barua sikukusomea yote. Ni sentensi fupi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeitafsiri.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa ameinama kwenye pamba, kofia ya majani kichwani, anapalilia bila haraka kama mtu mwenye likizo. Nikaita. Akanyanyuka. Akatazama gauni langu la kazini, akatazama jua lilipo, kisha akavua kofia yake polepole akaishika kifuani.

“Nani amekufa?”

“Shikamoo baba. Hakuna aliyekufa.”

“Marahaba.” Macho yake hayakuniacha. “Ni dada yangu?”

“Shangazi ni mzima. Yuko Magu, hajarudi.”

Nilipolisema hilo nililisikia lilivyo. Aliyekwenda kwenye arobaini na hajarudi siku aliyosema, na mtoto ameacha kazi Jumanne, amevuka ziwa, amekuja kusema ni mzima. Mimi mwenyewe nisingeamini. Baba akafuta jembe kwa majani, akaliweka begani.

“Baba, ni habari ya kinu. Ile barua—”

Akanyoosha kiganja. “Basi.”

“Nisikilize. Kinu kimeuzwa, kesho wanakuita—”

“Nimesema basi.” Hakupaza sauti. “Umefanya vizuri kunifuata. Mengine nitaambiwa nikifika, na wenye kuyasema. Usijitese.”

Nilisimama katikati ya mistari ya pamba, na kwa mara ya kwanza maishani nilitamani kumpigia baba yangu kelele. Nilikuwa nimemwambia ukweli mtupu! Naye aliupokea kama anavyopokea mtu mzima uongo wa heshima: kwa shukrani, bila kuuamini. Alhamisi nilimpa uongo akauona ukweli, na leo kinyume chake, na yote mawili ni mimi niliyemfundisha.

Alinawa kwenye ndoo, akavaa koti lake jeusi. Jirani wa shamba akaja, akatusalimia kwa Kisukuma, “Mwadila,” akatazama koti, hakuuliza kitu. Baba akamkabidhi jembe na akamwonyesha lile sanduku la chuma pembeni mwa ukuta.

“Nitunzie. Nitarudi baada ya matanga.”

“Baba, sanduku tulichukue.”

“La nini?”

“Kesho utalihitaji. Wanataka mje na vifaa.”

Jirani na baba wakatazamana. Nililiendea nikalishika mkono wake wa chuma, nikalibeba hatua mbili, likanigonga goti. Baba akanitoa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

“Mama,” akasema. Aliniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na aliniita hivyo kwa nadra. “Msibani haendi mtu na spana. Twende, kivuko kitatuacha.”

Kwenye kivuko alikaa anatazama maji, na nilipofungua mdomo alitikisa kichwa. Nilijua kwamba hata kama ningetoa barua mkobani nikaisoma kwa sauti mbele ya abiria wote, angenisikiliza tu, na angeendelea kuamini kwamba nimeichukua hiyo barua kama kisingizio. Lakini pia, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, sehemu yangu ilishukuru. Alikuwa amenikataza kusema. Nilikuwa mtoto mtiifu. Nikatii mpaka tukashuka Mwanza, wakati kivuko cha mwisho cha kurudi kilikuwa kinapakia, na sanduku liko ng'ambo.

Mjini alinunua sukari kilo mbili na majani ya chai, vitu vya kupeleka matangani, tukapata lori la mchanga lililokuwa linakwenda upande wa Buswelu. Magharibi ilikuwa inaingia tulipofika. Baba alitangulia, akivua kofia kabla hajafika uani. Hapakuwa na watu. Hapakuwa na turubai. Kulikuwa na mwanamke mmoja ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anachambua mchele, na begi lake la safari liko mlangoni halijafunguliwa.

“Mdogo wangu,” shangazi akasema. “Umejuaje kama nimerudi?”

Baba alikaa chini pale pale uani, kwenye vumbi, na koti lake. Akalia kama ambavyo sikumwona akilia hata kwa mama. Shangazi akaacha ungo, akamshika kichwa, akiniuliza kwa macho nini, nami sikuweza kujibu. Alipotulia, baba alianza kucheka. Akampa sukari yake. “Hii ni ya matanga yako,” akamwambia, na shangazi naye akacheka mpaka akashika mbavu, akaenda kubandika chai.

Ilikuwa furaha ya dakika kumi labda. Tulikunywa chai tamu kupita kiasi. Kisha baba akaweka kikombe chini, na nikaona swali linapanda usoni mwake.

“Sasa wewe ulinifuata nini?”

Nikatoa barua. Mwanga ulikuwa haba, nikasogea mlangoni kwenye taa ya chemli. Safari hii sikusimama, nilipiga magoti, na nikaisoma yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, aya ya kwanza mpaka ya tatu. Nilipofika kwenye lile neno nilisema: hutakiwi tena kazini. Sikutia wimbi wala nini. Nikasoma siku, saa, vifaa, nafasi moja.

 Nje mbwa alikuwa anakwaruza sufuria.

“Hii ilikuja lini?” shangazi akauliza.

“Alhamisi.”

“Na leo Jumanne.”

“Nilikusubiri wewe, shangazi. Nilisema wewe ndiye unayejua kumwambia.”

Shangazi alinitazama. Sikuona hasira, na ningependa ingekuwa hasira. “Maiti haina haraka, mwanangu,” akasema. “Ndiyo maana tunaweza kuzunguka nayo. Hili lilikuwa bado lina roho.”

Baba hakusema kitu juu yangu. Aliuliza kivuko cha kwanza kutoka ng'ambo kinafika saa ngapi, akajijibu mwenyewe, akahesabu kwa vidole mwendo wa kwenda gatini na kurudi, akaona haiwezekani. Akaomba aondoke.

Asubuhi ya Jumatano, kabla jua halijatoka, alikwenda kwa fundi wa injini za mitumbwi pale Pasiansi, akarudi na spana tatu, nyundo na bisibisi ndani ya kiroba. Geji hakupata. Injini za mitumbwi hazina habari na nafasi ndogo kiasi hicho. Nilimpigia pasi shati. Tulitembea pamoja mpaka kinuni, yeye mbele kidogo, na nikamwona anajaribu dole gumba lake juu ya ukucha wa kidole cha shahada, tena na tena, kama anapima kitu.

Getini walikuwa wamekuja mafundi wawili tu wa roli. Mwingine alikuwa kijana wa chuo cha ufundi aliyeingia kinuni msimu uliopita, mnyenyekevu, alimwamkia baba shikamoo kwa kuinama, na begi lake la vifaa lilikuwa bado na harufu ya duka. Mlinzi akawapokea barua, akawaingiza. Mimi nikaambiwa nibaki nje. Nikaketi kwenye ngazi ya banda la mizani, mahali ambapo wakulima walikuwa wakisubiri kupimiwa pamba yao.

Sijui nilikaa muda gani kabla mashine haijawaka. Nilikuwa mtoto wa kinu, sikuhitaji kuona. Kisu kikikaa sawasawa, roli hutoa mlio mmoja, mfululizo, kama mtu anayechana karatasi ndefu isiyokwisha. Mlio wa kwanza ulianza ukisitasita, wakauzima, wakarekebisha, wakawasha tena. Ukawa ule ule ninaoujua. Ulikwenda bila kuvunjika, na nilisema moyoni, huyo ni baba. Nilisimama. Nilitaka kumwambia mlinzi kwamba huyo ni baba yangu.

Wakazima. Muda ukapita. Wakawasha mara ya pili, na mlio ulikuwa mzuri pia, karibu sawa, ila baada ya dakika chache ukapanda kidogo. Halafu upepo wa ziwa ukaniletea harufu. Ngozi ilikuwa inaungua.

Nikakaa tena. Nilimwomba Mungu ile ya kwanza iwe ya baba. Nilimwombea kijana yule mwenye adabu, mtoto wa watu, ashindwe. Sikuwahi kuomba ombi baya hivyo.

Baba alitoka saa sita, peke yake, kiroba begani. Alinipita hatua mbili, akasimama. Shati nililompigia pasi lilikuwa na nyuzi nyeupe begani.

“Ya pili ndiyo ilikuwa yangu,” akasema.

“Kwa sababu ya geji.”

“Kijana ana geji. Na anajua kazi, usimdharau. Amenishika mkono.” Akatazama dole gumba lake. “Nilikosa kidogo sana. Yule mhandisi mwenyewe amesema kidogo sana.”

Tulitembea. Nilianza kulia njiani, barabarani, mchana kweupe, walimu wenzangu wangeweza kuniona na sikujali. Nikamwambia anisamehe. Nikamwambia sikutaka aumie, nilitaka aambiwe vizuri, na mtu mzima, kwa utaratibu. Yote niliyoyaandika hapa nilimwambia yeye siku ile, kwa kukatakata, na yeye alisikiliza mpaka mwisho kama alivyosikiliza barua.

Tulipofika mlangoni akaweka kiroba chini, akakaa kwenye kigoda chake.

“Ungeniambia Alhamisi,” akasema, “ningelia Alhamisi. Ijumaa ningekuwa nimenyamaza, nanoa vifaa vyangu.”

Akavua viatu, akaniomba maji ya kuoga.